Chumba cha Mwalimu Atakayebaki

Kwenye semina ya mjini Jirapa walimu waliambiwa washike neno moja tu: mradi ni wa wanafunzi, swali litoke kwao, mwalimu asiwaelekeze. Mwalimu Sefakor alilishika. Angejua litamfikisha wapi, siku ile angejifanya mgonjwa akalala.

Jumatatu akawauliza wanafunzi wake wa darasa la nane, "Haya, kitu gani hapa kijijini kinawakera, na mngependa kukitafutia dawa?" Alitegemea waseme kisima, au mbuzi wanaomaliza bustani ya shule. Akasimama Yelviel, msichana mwembamba mwenye mdomo usiolala.

"Madam, walimu hawakai. Wa hesabu alikaa muhula mmoja. Wa sayansi hata begi hakulifungua."

"Yule alikimbizwa na popo!" akadakia Tierobaar, na darasa likaangua kicheko.

"Cheka tu. Alilazwa stoo ya mahindi. Wewe ungekaa?"

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, hoja ya Yelviel ikashinda, na swali likaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: TUFANYE NINI ILI MWALIMU ABAKI?

Sefakor akalisoma mara mbili. Wiki iliyotangulia alipigiwa simu na ofisi ya wilaya: uhamisho wake wa kwenda mjini Ho umekubaliwa, muhula ukiisha aondoke. Alikuwa ameuomba miaka mitatu, mpaka aibu ikamwisha. Huko Ho, mwendo wa siku mbili, ana mume na binti, Edinam, anayelelewa na bibi yake. Krismasi iliyopita mtoto alimkimbia, akajificha nyuma ya bibi na kumwita huyo bibi mama. Mtu aliyeonjeshwa hayo atarudi vipi ofisini kusema, jamani, nimebadili mawazo?

Akamfuata mwalimu mkuu, Mzee Dakurah, amshauri.

"Usiwaambie," alisema Mzee Dakurah. "Watavunjika moyo waache kazi njiani. Wewe nenda zako kwa amani, lakini atakayekuja apate pa kulala. Nakuomba, dada yangu."

Sefakor akamtii, na ile siri ikawa inamla kidogo kidogo.

Watoto wakaamua kujenga chumba. Kwanza wakaja kumhoji, Tierobaar kavaa shati lake la kanisani.

"Madam, nini kingekufanya ubaki?"

Neno likamponyoka. "Edinam, binti yangu mdogo, angekuwa hapa."

Tierobaar akaitikia kwa kichwa kama daktari, akaaga.

Wavulana wakakanda udongo, wakapandisha ukuta safu kwa safu, kila safu ikisubiri ile ya chini ikauke. Wazazi waliokuwa wakiwacheka wakaona haya, wakaleta mbao na mabati. Siku moja Sefakor alijaribu kupenyeza neno. "Je, mwalimu akiondoka kwa sababu nyingine kabisa, isiyohusu chumba?"

"Madam!" Yelviel akamtolea macho. "Ulisema hutatuelekeza."

Ilipofika zamu ya sakafu wakaja kina mama. Waliinama kwa mstari pamoja na wasichana, wakiitwanga changarawe kwa vipigio vya mbao na kuinyunyizia maji ya maganda ya mti wa dawadawa yaliyochemshwa ili sakafu ishikane, huku wakiimba. Sefakor aliingia kuwasaidia. Chini ya dirisha akaona kitanda cha udongo, na kando yake kingine, kifupi.

"Hiki cha nani?"

"Cha Edinam," alisema Yelviel. "Nimekipima kwa mdogo wangu. Ukiwa darasani bibi yangu atamwangalia, nimeshamuuliza."

Sefakor akalia mbele ya kina mama wote. Akawaambia palepale, kila kitu, hata ile simu. Nyimbo zikakatika, na vipigio vikabaki mikononi.

"Tangu lini?" Yelviel aliuliza.

"Kabla hamjaanza."

Hakuna aliyemtukana. Wakamalizia sakafu, kwa sababu ikikauka kabla haijatwangwa inaharibika, na kuwaona wakiitwanga kulimuumiza kuliko matusi.

Kesho yake darasani ilikuwa hatua ya mwisho ya mradi, aliyowafundisha yeye mwenyewe: kuangalia ni wapi walikosea. Tierobaar alinyoosha mkono taratibu.

"Madam, kitanda kilikuwa kifupi?"

"Hapana. Kingemtosha kabisa."

"Basi tulikosea swali," alisema Yelviel. Hakuwa na hasira. Alishika chaki akaenda ubaoni. "Atakayekuja tutamuuliza siku ya kwanza kabisa: Madam, umeshaomba kuondoka?"

"Na akisema ndiyo?" akauliza Tierobaar.

Darasa zima likamgeukia Sefakor na kusubiri. Akaichukua chaki kwa Yelviel, akaliandika swali hilo ubaoni; safari hii kuwaachia swali hakukuwa kwa sababu ya semina.