Jiwe la Wariara Ukutani

Jumatano saa tisa alasiri, Jepkorir alifungua ukumbi wa jamii pale Keringet, akafagia, akawasha jiko la kuni na kupanga viti ishirini kwa ajili ya maombi. Kufikia saa kumi, akina mama wa mbele walikuwa wamevua masweta. Wa nyuma walisema "Amina" na pumzi zao zikaonekana.

Ukumbi ulijengwa mwaka wa 1979 na wenyeji wenyewe, na mpaka leo ni mali yao. Kila nyumba ilichonga jiwe moja kubwa, ikaandika jina lake kwa patasi, ikalibeba hadi ukutani. Tangu hapo mabati yametoboka, vioo vimevunjika na kuzibwa kwa magunia, na jiko linakula mzigo mzima wa punda kila wiki. Wazee wawili waliacha kuja kwa sababu ya vifua. Mwishowe kamati ikamwita fundi kutoka Nakuru.

Fundi huyo, Jeff, alikuja na kamera ya kupima joto. Palipovuja joto, kioo cha kamera kilionyesha buluu. Milango ilikuwa buluu pembeni, paa lilikuwa buluu karibu lote. Akaandika. Alipofika ukuta wa mashariki akasimama, akamgeukia Jepkorir aliyemfuata na funguo.

"Mathe, haya mawe tisa ni ya nani?"

"Ya waliofukuzwa Januari ya 2008, baada ya uchaguzi."

Jeff aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuona kazi ya aina hiyo. Jiwe la Kamande lilinuka moshi wa jiko la mtu mwingine. La Kahiga, aliyefia ugenini, lilikuwa baridi tu. La tatu lilitiririka maji hadi sakafuni.

"Na hili?"

"La Wariara. Anakaa Kihoto, kule Naivasha."

"Kihoto ziwa limeingia kwa nyumba za watu."

"Ndiyo. Juzi hili jiwe lilitoa samaki." Jepkorir alimwonyesha kwa kidole. "Mdogo hivi."

Jeff akajaza fomu: Chanzo cha unyevu, Ziwa Naivasha.

Jiwe hilo Jepkorir alilijua kwa mgongo wake. Yeye na Wariara walikuwa wameolewa mwaka mmoja, mashamba yakipakana. Walilibeba pamoja kwenye gunia, wakilitua kila hatua kumi ili wacheke vizuri. Kesho yake wakabeba la Jepkorir. Mawe hayo mawili yaliwekwa yakigusana, na sasa la Jepkorir lilikuwa na unyevu upande mmoja.

Jumamosi kamati ilikutana. Jeff alieleza kwamba milango itawekewa mpira, madirisha vioo vipya, na chini ya mabati kutapigwa silingi yenye sufu ya kondoo wa Molo.

"Basi tutalala kwa mahubiri kabisa," alisema Chepchumba, na watu wakacheka.

"Yanabaki yale mawe tisa," Jeff aliendelea. "Kuna njia mbili. Tuyafunike kwa mbao na sufu, au wenyewe warudi. Jiwe linashika hali ya pale mwenyewe analala. Huyu wa Kihoto akilala kwake usiku mmoja, litakauka."

"Kwake wapi?" aliuliza mwenyekiti, Kiprugut.

Watu wakatazama dirishani, ambako shamba la Wariara lilionekana. Kiprugut alikuwa amelilima miaka yote hiyo, na mitaro ya viazi ilikuwa imenyooka vizuri.

"Wariara yuko hai," alisema Jepkorir. "Nambari yake ninayo."

"Mama, hakuna aliyesema amekufa. Tumekuja kwa mambo ya baridi." Kiprugut aligeuka. "Wanaotaka mbao?"

Mikono ikainuka. Jepkorir alitazama viti vya wale wazee wawili wa vifua. Kisha akainua wake, nusu, kama anayejikuna shingo.

Kazi ilichukua wiki tatu. Siku ya mwisho alimpelekea Jeff chai na kumwomba jambo moja. Jeff alifikiri, akapima, kisha akakata kwenye mbao kijilango cha ukubwa wa jiwe la Wariara, akakizungushia mpira. Alisema kikifungwa vizuri hakitapoteza joto.

Sasa ukumbi una joto hadi viti vya nyuma. Mzigo mmoja wa punda unatosha mwezi. Wale wazee wamerudi, na katika maombi Kiprugut hushukuru kwa umoja wa jamii yetu, na watu huitikia.

Jepkorir hufika mapema. Hufungua kijilango, huweka beseni chini na kuegemeza shavu kwenye jiwe. Siku ziwa linapopanda, husikia fagio la Wariara likisukuma maji nje ya nyumba, likipumzika, likianza tena. Simu huwa mfukoni mwake. Humwambia Mungu jina la Wariara, kwa sauti ndogo, na fagio hutulia kidogo kama la mtu aliyesikia kitu mlangoni.

Jumatano iliyopita alingoja hadi fagio likaanza tena. Akapangusa jiwe kwa leso, akabonyeza kijilango hadi mpira ukashika, akatoka kumwaga beseni. Upande wa pili wa ua, viazi vya mwenyekiti vilikuwa vimetoa maua.