Gari Lililofutwa Mekapu

Mpambaji alisoma ujumbe kwenye simu, akapiga ukelele mpaka mama yake mdogo akadondosha mwiko.

"Nini tena? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama mdogo! Mkaguzi wa bima yuko njiani. Na binamu kaniandikia, wakikuta gari limerembwa hawalipi! Dereva mpya kama mimi ndo kabisaa!"

Na gari lilikuwa limerembwa, usipime! Kazi yake kuremba mabibi harusi, na alipopata leseni na kile kigari cheupe, kikawa bibi harusi wake mwenyewe: kope ndefu juu ya taa za mbele, stika za maua milangoni, rimu za waridi. Kigari hicho ndicho kilichombebea masanduku ya vipodozi kwa wateja. Sasa kiko uani, makalio yamebonyea ndani. Juzi jioni alifunga breki kumpisha mama mwenye mtoto, pikapu ya mikate ikakivaa kwa nyuma. Bima isipolipa, kazi kwaheri.

"Tukifute!" mama mdogo akaamua.

Wakaingia kazini. Draya ya nywele kulainisha gundi, pamba, mafuta ya kutolea mekapu. Rimu wakazisugua mpaka kucha zikalia.

"Nilidhani kope za bandia ni mateso ya wanawake," mama mdogo akahema, "kumbe hata magari!"

Jua lilikuwa linashuka mkaguzi alipobisha. Mtu mzima, mpole, tochi mkononi. Akapitisha kidole mlangoni, akakinusa.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya... ya ngozi, baba."

"Gari lina ngozi kavu?"

Akamwonyesha simu yake. Picha ya siku ya ajali, kigari kwa mbele, kope zote juu!

"Binti, kope hazijamgonga mtu. Ungetuambia tangu mwanzo tungeandika. Labda ungeongezewa ada ya bima kidogo, maana dereva mpya tunamchungulia sana, basi yakaisha. Ukinificha hivi, najuaje umeficha na nini kingine?"

"Hakuna kingine, haki ya Mungu!"

Mkaguzi akazunguka nyuma. Taa moja ilikuwa imevunjika, nyingine nzima. Akaikwangua kwa ukucha. Kikatoka kipande cha plastiki nyeusi.

"Na hii?"

"Aa, hiyo tinti tu. Inapendeza."

Wala hakuwa amefikiria kuitoa! Kwake yeye haikuwa pambo la kufichwa, ilikuwa rangi tu.

Mkaguzi hakucheka. "Ingia ndani, kanyaga breki. Wewe mama, nenda kule getini. Ukiona taa imewaka, sema."

Mpambaji akakanyaga.

"Mama mdogo, vipi?"

"Kanyaga basi! Mboga inaungua!"

"Nimekanyaga!"

"Hujakanyaga, wewe!"

"Mama mdogo, mguu uko chini kabisa!"

Getini mama mdogo akakodoa macho: taa nyekundu haionekani hata chembe.

Mpambaji akaganda na usukani mikononi. Weee! Yule dereva wa pikapu! Siku ya ajali alisimama katikati ya barabara, mkono kichwani, anaapa: "Sikuona taa! Wallahi sikuona!" Watu wakamzomea. Na nani aliyepaza sauti kuliko wote? Yeye! "Kipofu mkubwa, nani kakupa leseni?" Tajiri wake wa mikate akaja, akamnyang'anya ufunguo, akamfukuza kazi palepale.

Mkaguzi akainama dirishani. "Picha nilizonazo ni za mbele tu. Kwa hiyo nakuuliza. Siku ile tinti ilikuwepo?"

Mama mdogo alikuwa amefika mbio, yuko nyuma ya mkaguzi, macho yamemtoka, anatikisa kichwa: sema hapana, sema hapana!

Mpambaji akamkwepa mama mdogo macho, akamtazama mkaguzi.

"Ilikuwepo. Taa zote mbili."

"Uwiii!" Mama mdogo akajishika kiuno. "Mtoto huyu! Si ungenyamaza tu?"

"Na yule baba je, mama mdogo? Kafukuzwa!"

"Unajua wanaweza wasikulipe?" mkaguzi akauliza taratibu.

"Najua." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Tajiri wa mikate... namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Nipe nimpigie. Sasa hivi, kabla sijaogopa."

Mkaguzi akamtazama, kisha akatazama miguuni pake.

"Nakupa. Ila ondoa mguu kwenye breki kwanza, binti. Unamaliza betri."