Kitambaa cha Kompyuta

Mwanzoni nilidhani ni nepi. Ukiwa na mtoto wa miezi kumi na minne, kila harufu mbaya unamsingizia yeye. Nikamgeuza Whitney, nikamnusa, safi. Nikanusa godoro, nikanusa nyuma ya kochi. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha na kitu kinachoungua polepole, na ilikuja tu kompyuta ikiwa imewashwa.

Alhamisi ile sikuwa na nafasi ya kufuata harufu. Nasoma masomo ya jioni, kozi ya kulea watoto wadogo, na chuo kilikuwa kimetuandikia kwamba mtihani wa mwisho ni Jumamosi, kila mtu kwenye kompyuta yake, na programu yao haifunguki kwenye mfumo wa zamani. Atakayekosa Jumamosi atangoja mwaka mzima. Shule moja ya chekechea hapa Luzira ilikuwa imeniahidi darasa la watoto wa miaka mitatu, ila kwa mwenye cheti. Mwaka mzima wasingeningoja.

Papa Marlène, Mkongo anayetengeneza redio na simu kwenye kibanda nje ya geti la kota zetu, alikuwa ameniuliza aina ya mashine na umri wake, akasema inaweza kuupokea mfumo mpya. Alinipa flashi yenye mfumo huo na karatasi ya hatua: hifadhi vitu vyako kwanza, chomeka, anzisha, halafu usiguse. Nikafanya hivyo hivyo. Ikafika asilimia thelathini na moja, skrini ikawa nyeusi, ikazima. Nikaanza upya. Thelathini na nne, ikazima. Mara ya tatu haikufika hata ishirini.

Nikampigia simu. Aliniuliza kama feni inalia. Nikasema inalia kama mtu mwenye kikohozi cha kifua. Akauliza nimeiweka wapi. Nikamwambia iko mezani, ndani ya kitambaa chake.

"Kitambaa gani?"

Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata chupa ya chai ina chake. Hiki cha kompyuta alikifuma mama mkwe wangu, Mama Teresa, mwaka ule mwanawe Ocaya, mume wangu, alipoileta mashine nyumbani. Cheupe, chenye maua ya zambarau, kimekaa kwenye sanduku la mashine kama gauni lililopimwa kwa fundi, na mbele tundu moja la kupitisha kidole cha kuwashia. Ocaya ni askari magereza, na katika mstari wetu wote wa kota sisi peke yetu ndio tulikuwa na kompyuta. Mama alitaka wageni waione imevaa. Hatukuwahi kukivua, hata mashine ikifanya kazi. Na mimi ninayejiita msomi niliona ni heshima.

Papa Marlène alicheka kidogo. "Mama Whitney, iyi mashini inakufa na joto. Vua nguo, fungula, pangusa. Bila hivyo haitapona."

Nikakivua. Kwa ndani kitambaa kilikuwa cha kahawia, kinanata vidoleni, kimejaa punje nyeusi kama majani ya chai. Nilijua ni mavi ya nini, lakini moyo ukakataa. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili, nikavuta bati la ubavuni.

Mende hawakukimbia mara moja. Walikuwa wamelundikana kwenye joto, wakubwa kwa wadogo, wakipunga masharubu kama watu walioamshwa na mgeni. Kisha wakamwagika wote. Mezani, kwenye kiganja changu, ndani ya mkono wa blauzi. Nilimnyakua Whitney sakafuni kabla sijajikung'uta mwenyewe, na mmoja tayari alikuwa anapanda paja lake. Nikampiga kwa kiganja. Alipasuka. Nilimlaza mtoto chumbani, nikafunga mlango, nikatapika kwenye beseni la nguo.

Mapanga ya feni yalikuwa yameshikana kwa mabawa, miguu na vumbi lenye mafuta. Mayai yao yamebandikwa safu safu, kama maharage madogo mekundu. Mende mmoja alikuwa ameungua amegandamana na chuma, na ndiye aliyekuwa akinuka siku zote zile. Na katikati yao, makombo ya biskuti yaliyopitishwa kwenye tundu la kidole. Biskuti za mwanangu. Ni mara ngapi ameokota kitu kwenye meza ile akatia mdomoni? Mtihani wenyewe ulikuwa wa usafi wa mtoto.

Mama Teresa alitoka jikoni na ungo wa simsim, ufuta aliokuwa akiupepeta, akasimama, akatazama.

"Hawa wametoka kwa flashi ya ule Mkongo," alisema.

Sijawahi kumjibu mama mkwe wangu. Siku hiyo nilimjibu. "Wamezaliwa hapa, Mama. Chini ya kitambaa chako."

Alikiokota, akakigeuza, akakisogeza puani, uso wake ukakunjamana. Akaenda nacho uani kwa vidole viwili. Nikasikia kiberiti.

Nilisafisha kwa mswaki wa zamani na pamba yenye spiriti. Mayai yalipasukia kwenye kucha zangu. Nilinawa hadi viwikoni mara nne, na bado nilihisi miguu midogo inatembea shingoni. Kisha nikaanzisha tena, sanduku likiwa wazi.

Thelathini na moja ikapita. Thelathini na nne ikapita. Hamsini na mbili, feni ikaanza kukohoa upya, chuma kikawa moto hadi nikatoa kidole. Nikaona cheti changu kinazima pamoja na skrini.

Mama alirudi kutoka uani, akamwaga simsim yote kwenye sufuria. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mashine, akaanza kuipepea kwa ungo, kwa nguvu, kama anayeondoa makapi.

"Usiongee na mimi," alisema. "Soma namba."

Nikamsomea. Sitini. Sabini na tatu. Jasho lilimtiririka, makapi ya simsim yakaturukia machoni, hakubadilisha hata mkono. Ilipofika mia ikajizima yenyewe, na Mama akasimamisha ungo hewani. Ikawaka, mpya. Nikafungua programu ya chuo. Ikaniomba jina langu. Wakati naliandika, mende mmoja akatoka chini ya kibodi. Mama akamponda kwa kiganja kitupu, akajifuta kwenye sketi.

Jumamosi aliketi pale pale na ungo wake. Swali la tatu lilitaka nieleze sehemu ya nyumba inayoweza kuficha uchafu bila mlezi kujua. Nikaanza kuandika upesi. Akaniuliza mbona hilo nalijibu kwa haraka hivyo. Nikamwambia ni habari za kitambaa.

Aliuhamishia ungo mkono wa pili.

"Andika basi," alisema. "Lakini usitaje jina."