Baridi ya Dakika Nne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Mektrida alimgeuza mumewe ubavu wa kushoto, akapitisha kiganja juu ya shuka. Bichi. Haukuwa mkojo; mkojo anaujua, hakukaa wodini miaka thelathini na mmoja bure. Ulikuwa unyevu wa chumba, ule ule wa jana na juzi. Akalivuta shuka, akatandika jingine, kisha akamkausha mgonjwa kiunoni, pale ngozi ilipoanza kuwa nyekundu.

"Limefika?" aliuliza Wenseslaus. Tangu kiharusi kimwangushe mwaka juzi maneno yalimtoka nusu nusu, ila utani ulibaki mzima.

"Nini?"

"Treni."

Dirishani mashine ikashtuka, ikanguruma, taa ya chumba ikafifia na kurudi. Mektrida akatazama saa yake ya uuguzi aliyoibandika kifuani, akaandika kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda: *12:20 imewaka.* Upepo wa barafu ukawapiga usoni, akamvutia mzee blanketi. *12:24 imezima.* Baridi ya dakika nne, basi. Kabla hajamaliza kukunja shuka, joto la Machi lilikuwa limerudi, zito, na kuta zinatoka jasho. Kwenye dari koga jeusi lilishatambaa hadi juu ya msalaba.

Kiyoyozi hicho alikinunua kwa kiinua mgongo chake. Daktari alimwambia waziwazi: mgonjwa wa namna hii akilala kwenye joto na unyevu, mgongo utafunguka, na ukifunguka kwa umri wake haufungi tena. Mektrida akaenda kwa Leodegar, kijana wa Kibosho mwenye duka la vitu vya Dubai nyuma ya soko, akaomba mashine ya chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Leodegar akaja kuona. Hakutoa hata futi ya kupimia. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, chumba cha mgonjwa hakipimwi kwa ukuta. Watu wa kwenu Uru wakitoka misa ya pili kuja kumwona mzee, watakuwa wangapi? Ishirini? Hao wote wanapumua." Akafunga dude la kupoza ukumbi, likameza dirisha zima, lile lililokuwa likimwonyesha Wenseslaus kilele cha Kibo kutoka kitandani. Baadaye mtaani ikajulikana kwamba liliagizwa kwa ajili ya nyumba ya wageni Marangu, mwenyewe akalikataa.

Mara tatu alikwenda kulalamika. Mara tatu Leodegar alicheka vizuri, akamkaribisha soda. "Mama, nimekupa kubwa kwa bei ya kukuonea huruma, na bado unanung'unika?"

Leo alikwenda kwa afisa biashara. Alisubiri kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa nne na nusu, mafaili yakimpita, chai ikimpita. Alipoingia, afisa alisoma barua yake mara mbili.

"Mama, nielewe. Watu huja hapa kulalamika wamepunjwa. Wewe umezidishiwa?"

"Nimezidishiwa."

"Sasa shida iko wapi?"

Mektrida akaweka karatasi yake mezani. Mistari arobaini na moja, ya usiku mmoja. "Inapoza haraka, inazima kabla haijakausha hewa. Mgonjwa analala kwenye maji. Sindano ya mtu mzima ukimpiga mtoto mchanga, umemzidishia au umemwua?"

"Hiyo ya sindano peleka hospitali." Afisa akacheka peke yake, kisha akajikohoza. "Zamani kulikuwa na bei za serikali na vipimo vya serikali. Siku hizi soko huria. Yeye kauza, wewe umenunua. Nendeni mkapatane, mniletee jibu nifunge faili."

"Na nisipopatana?"

"Utapatana, mama. Mtu mzima wewe."

Inaelekea simu ilipigwa mara alipotoka. Saa sita na nusu, akiwa anamlisha mzee mtori, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Filemon, baba mdogo wa Leodegar, kavaa koti zito la kanisani katika jua lile. Alikaribishwa, akanywa chai, akaulizia watoto, akaulizia ng'ombe wa Uru. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani refu la isale lililofungwa fundo.

Mektrida akaweka bakuli chini. Uchagani aliyeletewa isale, jani la kuomba msamaha, hakatai. Mama yake mzazi alimsamehe jirani aliyesogeza mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hatua sita nzima, kwa sababu tu jani hili lilipita mlangoni.

"Kijana amekosa," alisema Mzee Filemon. "Anaomba yaishe."

"Atabadilisha mashine?"

Mzee akatazama kikombe chake. "Mimi nimetumwa kuleta isale, mama. Habari za mashine sikutumwa."

Mashine ikawaka, ikazima. Mektrida akapokea jani kwa mikono miwili.

"Mwambie nimemsamehe."

Mzee alipoondoka, Wenseslaus aligeuza macho. "Kakuziba... mdomo."

"Kajua pa kuzibia." Mektrida aligeuza jani mkononi. Lilikuwa bichi bado, limekatwa leo leo. Akalitazama, akaitazama mashine, kisha akainuka na kufunga kitenge vizuri. "Lakini Baba Jovin," alimwambia mumewe, "hili jani halina jina la mtu."

Akamwita Tito, fundi umeme wa jirani, na vijana wawili wa mkokoteni. Ilipofika saa nane na nusu mashine ilikuwa juu ya magurudumu, na Mektrida akiifuata kwa nyuma, mgongo wima, kama anayesindikiza mgonjwa wa rufaa. Tito alibaki na mzee.

Leodegar alitoka dukani anatabasamu. "Mama shikamoo! Baba mdogo kaniambia yameisha."

"Marahaba. Yako yameisha. Nimekuja na yangu."

Akalitoa isale kwenye kitenge, akalinyoosha mbele kwa mikono miwili, akapinda goti kidogo, yeye mwenye mvi, mbele ya kijana wa kumzaa.

"Nimekukosea, mwanangu. Mashine yako nimeing'oa bila kukuomba ruhusa, nikaipitisha juani na kwenye mashimo yote ya mji huu. Naomba unisamehe, uipokee."

Tabasamu likamganda Leodegar. Ng'ambo ya barabara kina mama wa ndizi wakaacha kupanga mikungu.

"Mama, tusifanye hivyo. Risiti imeandikwa, kilichouzwa hakirudishwi."

"Risiti nimeisoma. Na hili babu yako alikuwa akilisoma bila miwani."

"Wee kijana!" mama mmoja wa ndizi akapaza sauti. "Mama mzima anakupa isale, wewe umetia mikono mfukoni? Kwenu Kibosho ndiko hivyo?"

"Kibosho msituingize!" akajibu mwenzake, na kicheko kikaenda mtaa mzima.

Leodegar akatoa mikono mfukoni. Akapokea. "Nimekusamehe, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Asante. Sasa nishushie ile ndogo ya rafu ya chini. Ile ya chumba."

Ndogo akaishusha. Tofauti ya bei hakuirudisha. Ilikuwa zaidi ya nusu ya alicholipa mama, na akasema ni gharama ya usumbufu. Mektrida akauona akilini mgongo wa mumewe, wekundu ule wa kiunoni.

"Tofauti tutaizungumza," alisema. "Mimi sihami Moshi."

Walipopita na mkokoteni, afisa biashara alikuwa kwenye baraza ya ofisi yake. "Mmepatana? Safi sana! Naandika: ofisi imesuluhisha."

"Usisahau kuandika na saa ulizoniweka benchini," akajibu Mektrida bila kusimama.

Tito akarudisha vioo, akaifunga ile ndogo. *10:40 imewaka.* Saa kumi na moja ilikuwa bado inavuma, taratibu, bila kushtuka. Saa kumi na moja na nusu Mektrida alipitisha kiganja ukutani: pakavu. Mashine ilichukua pembe moja tu ya dirisha, na kupitia kioo kilichobaki Kibo ilikuwa imejitokeza mawinguni, nyeupe. Wenseslaus aliitazama.

Saa kumi na mbili na dakika tano, taa ikazimika. Mashine nayo. Nje mtaa mzima ukaguna kwa pamoja: mgao wa umeme, hadi kesho.

Mektrida akafungua kioo, kile ambacho jana kisingefunguka. Upepo wa kutoka huko juu ukaingia. Akaandika: *12:05 imezimwa. Si kosa la mashine.*

"La nani?" aliuliza Wenseslaus. "Andika."

Mektrida akaigeuza karatasi, akatazama upande wa nyuma, kisha akachomeka kalamu kwenye nywele.

"Karatasi haitatosha, Baba Jovin. Lete mkono, nikugeuze."