Unyayo Ulioishia Darajani

Daraja letu la ushuru ni refu kiasi kwamba ukisimama upande wa Tarime humtambui mtu aliyesimama upande wa Serengeti, labda akiwa anakudai. Chini yake ni bonde la mto Mara: matete, tope na mamba. Siku ya uzinduzi wakubwa walituambia daraja litaunganisha watu. Mimi Wegesa nilikuwa nakata tiketi kwenye kibanda cha upande wetu, na mume wangu Nashoni, mtu wa ng'ambo, alikuwa mfungua geti. Tuliunganishwa kweli.

Wakubwa hao hawakuuliza habari za unyayo. Huku kwetu ng'ombe akiibwa linapigwa yowe, wanaume wanashika silaha na kufuata nyayo. Kijiji ambacho unyayo umeingia, wenyeji lazima waupokee na kuonyesha ulikoelekea. Wakishindwa, wao ndio wezi. Ni sheria ya zamani na ilitutosha wakati barabara zote zilikuwa vumbi. Lami haishiki kwato.

Asubuhi hiyo, jua ndiyo kwanza linachomoza, mdogo wangu Nchagwa alileta ng'ombe mpaka pale lami inapoanza. Lori lilikuwa linamsubiri. Nchagwa ni kitinda mimba wa mama, mzuri wa sura, mtu wa maneno matamu tangu utotoni.

"Shikamoo dada. Kaka kanituma mnadani," aliniambia huku anacheka.

Kaka ni Mwikwabe, mkubwa wetu, mwenye ng'ombe. Usiku huo alikuwa amelala msibani Nyarero. Tungemkatalia kwa lipi? Nashoni alikwenda hata kumsaidia kusukuma dume jekundu lililogoma kupanda. Nikakata tiketi, geti likafunguliwa, lori likavuka.

Chai yetu haijapoa tukasikia yowe. Mwikwabe alitokea mbele ya kundi la wanaume wenye mapanga, marungu na mishale, jasho linamtiririka, macho mekundu.

"Zizi langu limevunjwa! Unyayo umekuja mpaka hapa," alisema. "Nani kapita?"

Nilimtazama Nashoni, naye akanitazama, na wote wawili tukaelewa kwa wakati mmoja.

"Limepita lori, shemeji," Nashoni alisema. "Mwenye mzigo sikumjua."

"Umemfungulia geti, mura, uso wake hukuuona?"

Wakati huohuo wanaume wa ng'ambo walikuja mbio juu ya daraja, nao na silaha zao. Walikuwa wamesikia yowe na wanajua maana yake. Mbele yao alikuwa Rubeni, baba yake mdogo Nashoni. Nilipomwona nilimshukuru Mungu, mjinga mimi.

"Tumekagua tope lote la upande wetu," Rubeni alisema. "Hakuna hata kwato moja. Unyayo haujatoka darajani."

"Kwa hiyo uko kwa nani?" Mwikwabe aliuliza.

"Kwa anayelikalia daraja."

"Baba, ni mimi!" Nashoni alisema.

Rubeni alitema mate chini. "Huyu alioa kwenu, analala kwenu, anakula kwenu. Mfanyeni mnavyotaka, sisi msituguse."

Watu hawa hawajawahi kukubaliana hata mpaka wa malisho. Baba zao walipigana, babu zao walipigana. Siku hiyo walikubaliana haraka, na walichokubaliana ni mume wangu.

Rungu la kwanza lilimpata mgongoni, akaanguka kifudifudi. Wakampiga kwa ubapa wa panga mpaka shati likachanika na ngozi nayo. Kila wakipumzika Mwikwabe aliinama na kumuuliza jina, na kila akiuliza Nashoni alitikisa kichwa. Mmoja akauvuta mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya chuma cha geti, mwingine akashusha rungu. Niliusikia mfupa. Nilipiga kelele nikamrukia aliyeshika rungu nikamng'ata bega, akanisukuma nikajigonga kwenye ukuta wa kibanda. Nyuma ya geti lori la vyakula vya kambi za watalii za Ikoma lilikuwa limesimama. Dereva alikuwa anapiga honi. Alipoona damu akaacha.

"Mtupeni mtoni," mtu alisema. "Mamba watamuuliza vizuri."

Wakamburuta mpaka ukingoni, wakamnyanyua tumbo likalalia chuma, kichwa kikaning'inia upande wa maji. Akageuza shingo akanitafuta. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Kwa lile lililobaki aliniambia ninyamaze.

Nilimchukia Nchagwa kwa wizi wake. Nilimchukia na Nashoni pia, kwa sababu kunyamaza kwake kulinitwisha mimi mzigo wote. Nikisema, wanamuua mtoto wa mama. Nisiposema, mume wangu anakwenda chini. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Waseme walioshikiwa mume juu ya mto.

"Ni Nchagwa!" nilipiga kelele. "Mwikwabe, ng'ombe wako wamechukuliwa na Nchagwa!"

Kaka alikuja akanizaba kofi la kunitoa damu mdomoni. "Unamuuza ndugu yako kwa ajili ya mwanaume wa ng'ambo?"

"Mpigie simu. Muulize yuko wapi."

Akapiga, akaweka sauti ya wazi. Watu wote wakasogea kusikiliza.

"Uko wapi, mura?"

"Niko shambani kaka, nalima."

Nyuma ya sauti yake dume likalia. Mara moja, kwa nguvu, kwa hasira ya kufungiwa. Mfugaji hafundishwi sauti ya dume lake. Mwikwabe alibaki ameshika simu hata baada ya kukatwa. Ndipo watu wa Rubeni walipoanza kucheka, na walicheka sana.

Walimwachia Nashoni akaanguka lamini. Wanaume wengine wakapanda pikipiki wakaelekea mnadani. Nilimsihi dereva wa lori anisaidie kumpeleka mgonjwa hospitali, akasema hathubutu kuwasha gari mpaka wenye mapanga waruhusu. Kwa hiyo nilikuwa bado pale, kichwa cha Nashoni kikiwa mapajani mwangu, walipomrudisha Nchagwa amefungwa kamba kama mbuzi.

"Dada," aliniita. "Dada, waambie."

Nilimshika Mwikwabe miguu. Akanipiga teke. Yeye ndiye aliyeshusha panga la kwanza, kwa sababu asingeanza yeye watu wa ng'ambo wangesema alikula njama na mdogo wake. Baada ya hapo walipiga wote, wa huku na wa ng'ambo. Nchagwa aliita mama, halafu akanyamaza, na wao wakaendelea. Polisi walipofika wanaume walikuwa wameshatawanyika mabondeni, na dereva alisema hakuona kitu.

Hospitalini Nashoni alizinduka siku ya pili. Swali lake la kwanza lilikuwa Nchagwa yuko wapi. Nikamwambia.

Akageukia ukuta. "Nilivumilia yote yale ili mama yako asizike mtoto."

"Na mimi nikuzike wewe?" Nilikuwa na hasira hata nesi akaja kunituliza. "Uliniuliza? Namlilia ndugu yangu na sitakuomba msamaha."

Jioni mama alikuja na chupa ya uji. Alikuwa ametoka makaburini, udongo bado uko kwenye kanga. Akaketi kitandani kwa Nashoni, akamnyanyua kichwa, akamnywesha taratibu, akimfuta mdomo kwa ncha ya kanga ileile.

"Shikamoo mama," nilisema.

Aliendelea kumnywesha. Siku hizi tunakaa naye nyumba moja, anampikia mkwewe na kumkatia nyama kwa sababu ule mkono haushiki tena kisu. Mimi namwamkia kila asubuhi, na mpaka leo hajaniitikia.