Vishindo vya Alhamisi

Bwana Duckworth wa nyumba ya pili ameapa mbele ya mkewe kwamba lile jengo la viziwi lina watu. Si mara moja, anasema. Alhamisi tatu mfululizo, saa nane mchana, amesikia vishindo: du, du, du, kimya, halafu du, du, du tena. Na milango imepigiliwa mbao mwaka wa sita huu.

"Ni wale viziwi wa zamani," alimwambia jirani yake Nell, akipanua mdomo kama wafanyavyo watu wakisema na kiziwi, masharubu yakiziba nusu ya maneno. "Wamerudi kudai kanisa lao la ghorofani."

"Wafu gani hao wanaofuata saa?" Nell alimjibu kwa sauti yake, ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

"Dhihaki tu, binti. Wewe husikii."

Nell hakuwa akidhihaki. Alijua vishindo vitatu ni nini. Watu wa jengo lile hawakuitana kwa majina. Ukitaka mwenzako ageuke, unapiga mguu sakafuni, mbao zinauchukua mwito mpaka kwenye nyayo zake. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akimwita kutoka jikoni. Tangu wamzike mama mwezi wa pili, hakuna aliyemwita tena. Kwenye duka la mikate anakofanya kazi wenzake humgusa bega na kumwonyesha karatasi, basi. Kama mle ndani kuna mtu anayeita, Nell alimtaka mtu huyo kuliko chakula.

Alhamisi iliyofuata akaingia kwa dirisha la jiko. Vikombe vilikuwa bado vimening'inia kwenye kulabu zao. Meza ya biliadi ilikuwa imeangukiwa na dari. Ukutani, jiwe lenye majina ya matajiri waliotoa sadaka mwaka 1878 lilikuwa halina hata ufa.

Akapanda juu, kanisani. Sakafu ya kule inateremka kuelekea mbele, na hakuna nguzo hata moja, ili asiwepo wa kuzuiwa kuona. Mimbari ni mbili: moja ya mhubiri, moja ya yule aliyeyageuza maneno yake kuwa ishara. Mvua imekuwa ikiingia, mabenchi yameota ukungu. Nell alivua viatu, akasimama kwenye mbao baridi, akangoja.

Sakafu ikampiga nyayoni. Mara tatu.

Kwenye benchi la mbele, gizani, alikaa mzee Haslam, aliyekuwa akilitunza jengo enzi zile na bado ana ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma usiopigiliwa mbao, na chupa yake ya chai pembeni. Nell alizunguka amjie usoni, asimshtue.

"Umechelewa," mikono ya mzee ikasema. "Wiki ya nne hii naita."

"Unamwita nani, babu? Kiziwi gani aliyeko barabarani atakupata? Wanaokusikia ni akina Duckworth."

Mzee akaiangalia miguu yake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kumbe nawatisha wenye masikio."

"Duckworth siku hizi haendi chooni peke yake."

"Acha apate. Baba yake alikuwa akiturushia mawe." Akammiminia chai kwenye kifuniko. "Mbona mikono yako ina kigugumizi?"

"Sina wa kusema naye."

Wakasema. Mzee alimrekebisha vidole, akamtania, akamweleza marehemu mama wa Nell alivyokuwa mwizi wa biskuti. Yeye mzee anakaa kwa binti yake, wote mle wanasikia, wanachezesha midomo kutwa nzima, na akiuliza kuna nini wanamwambia hamna kitu. Jumatatu, akasema, mafundi wanakuja kulibomoa jengo ndani, wajenge nyumba za kupangisha.

Nell akaweka chai chini, apate mikono yote miwili.

"Njoo kwetu, babu. Kila Alhamisi. Nitakupikia pai ya nyama na viazi, tukae tuseme."

"Nikija kwako, hapa atafungua nani?"

"Jumatatu hapa hapatakuwepo."

Mzee aliigeukia ile mimbari ya ishara. Nell akahama, akasimama mbele yake, akarudia polepole asipoteze neno: njoo kwetu.

Mzee Haslam akafumba macho, asiione mikono yake.

Nell angeweza kumgusa bega. Hakumgusa. Alibaki ameinua mikono kifuani, mahali ambapo mzee angeiona mara tu akifumbua: utakuja?