Gramu Ishirini za Dirishani

Haya niliambiwa na binti yangu wa tatu mwezi uliopita, alipokuja kunisaidia kufua mapazia. Alinieleza huku anakamua, bila kunitazama usoni.

Mumewe ni fundi wa majokofu, ila mtaa mzima wanamwita Rubani. Huu mwaka wa tano anaunda ndege ya watu wawili pale pale nyumbani. Si utani: ana michoro, na kuna mkaguzi wa serikali anayekuja kuitazama kila hatua. Kiwiliwili kiko uani chini ya turubai. Bawa, la mbao nyembamba, liko sebuleni, limetoka ukutani hadi mlango wa jikoni, na wajukuu zangu wawili wanafanyia kazi za shule chini yake.

"Baba, bawa linamwaga vumbi kwenye hesabu zangu."

"Hesabu zenyewe mbovu, mwanangu. Acha zifunikwe."

Mshahara wake ulikuwa unaruka kabla ya ndege. Binti yangu akaona isiwe taabu, akawa anauza sukari na unga kwenye dirisha la mbele, robo na nusu kilo. Hapo ndipo shetani alipompitia. Aliichezea skrubu ya mizani, mshale ukawa unaanzia gramu ishirini hata kama hakuna kitu juu. Watu wasione, akabandika karatasi ya bei pale kwenye sifuri.

"Mbao zake nilikuwa nazilipia kwa sukari ya majirani, mama," aliniambia.

Sasa, gundi ya bawa ni ya makopo mawili: gramu mia za gundi, hamsini za dawa ya kuigandisha, kila moja inapimwa peke yake. Mizani ya Rubani iliharibika zamani. Asubuhi mke akiwapeleka watoto shule, yeye anachukua ile ya dirishani, anapima, anairudisha mahali pake. Mimi shule niliishia la nne, lakini hesabu ya kupunja naielewa. Ukiiba ishirini kwenye mia, itavumilika. Ukiiba ishirini kwenye hamsini, dawa imebaki nusu na kidogo.

Jumamosi moja binti yangu akamkuta mumewe anabonyeza kwa ukucha mabaki ya gundi kikombeni.

"Siku ya nne hii, bado inanata. Labda unyevu."

"Ulipimia nini?"

"Mizani yako. Yangu si ilishakufa?"

Binti yangu akakaa juu ya gunia la unga. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu. Bawa likipita, mwezi unaofuata ndege inaruka, na mjukuu wangu mkubwa alishaahidiwa kiti cha pili. Akasema yote.

Mume hakufoka. Alibandua ile karatasi, akautazama mshale.

"Kwa hiyo hata mimi nilikuwa mteja wako."

"Nisamehe, baba watoto."

"Ulianza lini?"

"Sukari ilipopanda."

"Ilipopanda mara ya kwanza au ya pili?"

"Sikumbuki."

"Kabla sijagandisha mbavu za bawa, au baada?"

"Mimi ningejuaje mbavu ni zipi?"

Mwanamke wa jirani akagonga dirisha. "Mama Rubani! Robo ya sukari!"

"Leo nimefunga."

"Umefunga na dirisha wazi? Haya bwana, ndege imeshakupandisha kichwa."

Rubani akachukua patasi. Kiungo cha kwanza alichofungua, mbao zilipasuka lakini gundi ikashika. Kumbe kilikuwa kizima, basi ndiyo ameshakivunja. Cha pili kilibanduka kama gamba la kidonda. Hadi saa sita alikuwa amefungua kumi na moja: sita vizima, vitano vibovu, tena vimechanganyika ovyo. Viungo vyote ni zaidi ya mia nne. Kuvijua ni kuviharibu, na kuviacha ni kumpandisha mtoto juu yake.

"Mpigie mkaguzi," mke alisema.

"Nimwambieje? Mke wangu kanipunja bawa?" Akacheka.

Mtoto mkubwa akaja na kijiko mkononi. "Baba, ndege inaruka lini?"

"Nenda kamalizie chakula."

Mchana ule watoto walilala. Rubani akajinyoosha sakafuni chini ya bawa, patasi kifuani, macho darini.

"Nifokee basi," mke alimwambia.

"Sina hata sauti. Ila hilo la kiti, mtoto utamwambia wewe."

Akafumba macho, na baada ya muda pumzi yake ikawa nzito. Binti yangu akajilaza upande wa pili, vumbi la mbao linamwingia nyweleni. Alikuwa bado anajaribu kukumbuka sukari ilipanda mwezi gani, usingizi ukamchukua.